Alama Ziko Kati ya Swali na Jibu

Chukua daftari la hesabu la mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Riruta Satellite, ulifungue ukurasa wowote. Mara nyingi utakuta swali limenakiliwa kwa mwandiko mzuri, na chini yake jibu lililopigiwa mistari miwili. Kati ya hivyo viwili hakuna kitu, au kuna namba za hapa na pale zisizosemezana. Kazi yenyewe ilifanyiwa kichwani, au kwenye kikokotoo, au kwenye kikaratasi kilichokwisha kutupwa. Mwalimu akiweka kosa, mwanafunzi anajua tu kwamba amekosa. Hawezi kuona alipokosea, kwa sababu hapakuandikwa. Wiki ijayo atakosea pale pale.

Jambo hili linaniuma, kwa maana wanafunzi wengi wa mtaa huu wanaojiita wajinga wa hesabu si wajinga hata kidogo. Mtoto anayemsaidia mama yake kibandani pale steji, akirudisha chenji ya wateja watatu kwa mpigo bila kupoteza shilingi, ana hesabu kichwani. Anachokosa ni mazoea ya kuiweka kwenye karatasi hatua baada ya hatua, kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata. Mazoea hayo yanafundishika, na hayahitaji tyusheni ya bei ghali.

Mtihani wenyewe unayadai. Hisabati ya KCSE ina karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, jumla alama 50. Sehemu ya pili ina maswali 8, nawe unachagua 5 ya alama 10 kila moja. Kwenye ukurasa wa mbele mtahiniwa anaambiwa aonyeshe hatua zote, na anaambiwa wazi kwamba anaweza kupewa alama za kazi sahihi hata kama jibu lake si sahihi. Msahihishaji naye ana mwongozo wenye herufi tatu: M ni alama ya njia, A ni alama ya usahihi wa kile kilichotokana na njia hiyo, na B ni alama inayosimama peke yake. Aliyeandika njia nzuri akakosea kuzidisha mwishoni hupoteza A, lakini M zake anabaki nazo. Aliyeandika jibu tupu likawa na kosa hana cha kuokota. Basi tufanye maswali machache pamoja, yale yanayorudi kila mwaka kwa sura tofauti.

Tuanze kibandani. Chapati 3 na vikombe 2 vya chai ni shilingi 130. Chapati 2 na vikombe 3 ni shilingi 120. Chapati moja ni bei gani, na chai je?

Kabla ya kuandika mlinganyo wowote, andika sentensi mbili: "Bei ya chapati moja iwe shilingi c. Bei ya kikombe kimoja cha chai iwe shilingi t." Wanafunzi wengi huruka hapa na kuandika "c = chapati". Hilo ni kosa, tena ni kosa baya kwa sababu halionekani mara moja. Herufi inasimamia namba, haisimamii kitu. Huwezi kuzidisha chapati kwa tatu ukapata pesa, lakini unaweza kuzidisha bei yake. Baada ya hapo:

3c + 2t = 130 … (i)
2c + 3t = 120 … (ii)

Tunataka t iondoke. Zidisha (i) kwa 3 na (ii) kwa 2, na uandike kwamba umefanya hivyo:

9c + 6t = 390
4c + 6t = 240

Toa mstari wa chini kutoka wa juu:

5c = 150
c = 30

Rudi kwenye (i): 90 + 2t = 130, basi 2t = 40, na t = 20. Chapati ni shilingi 30, chai ni shilingi 20. Sasa hakikisha kwa kutumia mlinganyo ambao hukuutumia mara ya mwisho, yaani (ii): 60 + 60 = 120. Sawa. Ukihakikisha kwa (i) hujahakikisha kitu, kwa sababu t uliitoa humo humo.

Nikae kidogo na suala la herufi, kwa maana linaangusha hata watu wazima. Tuseme wauza maji wa Kawangware wanasukuma mikokoteni, na kwenye kila mkokoteni kuna mitungi 10. Andika mlinganyo unaounganisha idadi ya mitungi, M, na idadi ya mikokoteni, K. Wengi wataandika 10M = K, kwa kuwa wanasoma moja kwa moja: mitungi kumi, mkokoteni mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, waliwahi kuwapa wanafunzi wa uhandisi swali la namna hiyo lililohusu wanafunzi na maprofesa, na zaidi ya theluthi moja wakakosea, wengi wao kwa kugeuza namba hivyo hivyo. Dawa ni kujaribu kwa namba ndogo. Mikokoteni ikiwa 3, mitungi ni 30. Weka kwenye 10M = K: 300 = 3. Haiwezekani. Weka kwenye M = 10K: 30 = 30. Huo ndio wenyewe. Jaribio hilo huchukua nusu dakika, na linafaa kwa kila mlinganyo uliotoka kwenye maneno.

Karatasi ya mtihani huja kwa Kiingereza, na swali la maneno linaweza kumchosha mtu kabla hajafika kwenye namba. Nawashauri wanafunzi wasome swali, wafunike karatasi, kisha wamsimulie mtu yeyote aliye karibu, kwa Kiswahili au kwa Sheng, ni nini kinachojulikana na ni nini kinachotafutwa. Ukishindwa kulisimulia, bado hujalisoma. Usishike kalamu.

Sasa tangi. Plot nyingi za ghorofa upande wa Kabiria na Wanyee zina tangi la maji juu ya paa. Tuseme tangi ni la mviringo, kipenyo chake ni mita 1.4 na kimo chake ni mita 2. Likijaa, linajaza mitungi mingapi ya lita 20?

Nusu kipenyo = 1.4 ÷ 2 = 0.7 m
Ujazo = 22/7 × 0.7 × 0.7 × 2 = 3.08 m³
Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, basi lita = 3.08 × 1,000 = 3,080
Mitungi = 3,080 ÷ 20 = 154

Wengi hufanya makosa mawili hapa. La kwanza ni kutumia kipenyo mahali pa nusu kipenyo. Kwa kuwa urefu huo unazidishwa kwa wenyewe, kosa hilo linakuza jibu mara nne: utapata mitungi 616. La pili ni la mwandiko, nalo limeenea mno. Mwanafunzi anaandika hivi kwa mstari mmoja:

22/7 × 0.49 = 1.54 × 2 = 3.08 × 1,000 = 3,080 ÷ 20 = 154

Usome mstari huo kwa makini. Unasema 22/7 × 0.49 ni sawa na 154. Ni uongo, hata kama namba ya mwisho ni ya kweli. Alama ya usawa ilianza kuchapishwa mwaka 1557 katika kitabu cha Robert Recorde, daktari na mwanahisabati kutoka Wales, aliyechagua mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Kulia na kushoto kwake lazima pawe na thamani moja. Ukitaka kuendelea na hatua nyingine, shuka mstari, taja unachotafuta, kisha andika. Karatasi ipo.

Swali la asilimia ndilo ninaloliona likiwaangusha wengi zaidi, na linasikitisha kwa sababu ni hesabu watakayoikuta kila siku ya maisha yao. Pasi ya umeme inauzwa shilingi 2,320 pamoja na VAT, ambayo hapa Kenya ni asilimia 16. Bei kabla ya kodi ni ngapi?

Mkono unakimbilia kutafuta asilimia 16 ya 2,320, ambayo ni 371.20, halafu unatoa na kupata 1,948.80. Hebu hakikisha. Asilimia 16 ya 1,948.80 ni 311.81, ukijumlisha unapata 2,260.61. Pasi iliuzwa 2,320. Kuna shilingi karibu 60 zimepotea njiani. Zilipotea kwa sababu kodi haikuhesabiwa juu ya 2,320, ilihesabiwa juu ya bei ya mwanzo, ile ile tunayoitafuta. Basi bei ya mwanzo ndiyo 100, na bei ya dukani ni 116:

Asilimia 116 = 2,320
Asilimia 1 = 2,320 ÷ 116 = 20
Asilimia 100 = 2,000

Shilingi 2,000. Hakikisha: asilimia 16 ya 2,000 ni 320, jumla 2,320. Kila swali la asilimia lina jambo moja la kujiuliza kwanza: mia ni nani? Duka likipunguza bei kwa asilimia 20 ukalipa 1,600, mia ni bei ya zamani, na 1,600 ni asilimia 80 yake, kwa hiyo bei ya zamani ilikuwa 2,000. Mshahara ukipanda kwa asilimia 10 kisha ukashuka kwa asilimia 10, haurudi ulikokuwa, kwa maana mia imebadilika katikati.

Kuna mada moja ambayo wanafunzi huikariri bila kuielewa, nayo ni kutatua mlinganyo wenye x² kwa kukamilisha mraba. Nitaieleza kama alivyoieleza Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi huko Baghdad katika karne ya 9, kwa sababu sijaona maelezo yaliyo bora. Mfano wake mashuhuri ni huu:

x² + 10x = 39

Chora mraba, kila upande uuite x. Eneo lake ni x². Sasa 10x ni mstatili wenye upande mmoja wa 10 na mwingine wa x. Ukate katikati upate vipande viwili, kila kimoja cha 5 kwa x. Kimoja kibandike kulia kwa mraba, kingine chini yake. Utaona umbo linakaribia kuwa mraba mkubwa, isipokuwa pembe moja iko wazi. Pembe hiyo ni ya 5 kwa 5, yaani 25. Izibe. Eneo lilikuwa 39. Sasa ni 64. Mraba wenye eneo la 64 una upande wa 8. Na upande huo ni x na 5. Basi x ni 3.

Kwenye karatasi ya mtihani inakuwa hivi:

x² + 10x + 25 = 39 + 25
(x + 5)² = 64
x + 5 = 8 au x + 5 = −8
x = 3 au x = −13

Ukiwa umechora, hutauliza tena kwa nini tunachukua nusu ya 10 na kuizidisha kwa yenyewe: ni ile pembe. Na hutasahau kuongeza 25 pande zote mbili. Al-Khwarizmi aliishia kwenye 3, kwa kuwa hakuna mraba wenye upande hasi. Wewe toa majibu yote mawili, isipokuwa swali liwe linahusu urefu, umri, kasi au idadi ya vitu. Hapo andika jibu hasi kisha useme kwa maneno kwamba halifai. Kama x² ina namba mbele yake, kwa mfano 2x² + 20x = 78, gawa kila kitu kwa hiyo 2 kwanza, ndipo uchore.

Mlinganyo wa aina hiyo hujificha ndani ya maswali ya mwendo. Mwendesha baiskeli anasambaza mkate umbali wa kilomita 24 kwa kasi ya kilomita x kwa saa. Angeongeza kasi kwa kilomita 4 kwa saa angefika dakika 12 mapema. Tafuta x.

Saa alizotumia ni 24/x. Saa ambazo angetumia ni 24/(x + 4). Ipi ni kubwa? Anayekwenda polepole huchukua muda mrefu, basi ya kwanza ni kubwa, na ndiyo inayotangulia:

24/x − 24/(x + 4) = 12/60 = 1/5

Zidisha kila kipande kwa 5x(x + 4) ili kuondoa sehemu:

120(x + 4) − 120x = x(x + 4)
480 = x² + 4x
x² + 4x − 480 = 0
(x + 24)(x − 20) = 0
x = −24 au x = 20

Kasi haiwezi kuwa hasi, kwa hiyo x = 20. Hakikisha: kwa kasi ya 20 anatumia saa 1.2, kwa kasi ya 24 anatumia saa 1, tofauti ni saa 0.2, yaani dakika 12.

Mwanafunzi aliyesahau kugeuza dakika kuwa saa ataandika 12 upande wa kulia, na kazi yote inayofuata inaweza kuwa safi kabisa. Ataishia na kasi ya takriban kilomita 1.46 kwa saa. Mtu anayetoka Satellite kwa miguu kwenda Dagoretti Corner anaipita kasi hiyo hata akiwa amebeba mzigo. Jibu kama hilo linakupigia kelele, lisikilize. George Pólya, mzaliwa wa Budapest aliyekuja kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika kitabu kizima mwaka 1945 juu ya namna ya kutatua maswali, na hatua ya mwisho kati ya nne alizozipendekeza ni kulitazama upya jibu ulilolipata. Wanafunzi wengi huiacha hatua hiyo kwa sababu wamechoka, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote.

Sasa niseme na wazazi. Baba, mama, shosho: hata kama wewe uliishia darasa la saba, unaweza kumsaidia huyu mtoto. Kaa karibu naye akifanya kazi, umuulize maswali matatu. Herufi hii inasimamia nini? Mstari huu umetokana na upi? Jibu umelirudisha kwenye swali likakubali? Akikujibu bila kubabaika, anaelewa. Akisema "ni fomula tu", mwambie arudi nyuma. Hahitaji uhakikishe hesabu yake. Anahitaji mtu wa kumweleza, kwa sababu akieleza atasikia mwenyewe mahali panapoyumba.

Najua pia tunakoishi. Chumba cha futi kumi kwa kumi, wadogo zake, redio ya jirani, na stima inayokatika saa mbili usiku. Asitegemee usiku peke yake. Alfajiri, kabla mtaa haujaamka, dakika arobaini zinatosha swali moja refu na mafupi mawili. Mwenye uwezo wa kufika Kibera siku ya Jumamosi aijue maktaba ya umma iliyoko kule. Karatasi za mitihani ya miaka iliyopita unaweza kuzipiga fotokopi, lakini kundi la wanne likinunua nakala moja na kubadilishana, mnaokoa pesa na mnapata watu wa kubishana nao. Usifanye karatasi nzima kila siku. Fanya maswali machache, usahihishe, kisha lile ulilokosa ulifanye tena baada ya siku kadhaa bila kutazama. Weka daftari dogo la makosa yako mwenyewe: "nilisahau kugeuza dakika", "nilitumia kipenyo". Utashangaa makosa yako ni yale yale machache.

Ndani ya chumba cha mtihani, dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 3 lina dakika nne na nusu. Swali la alama 10 lina dakika 15. Ukizidisha hapo unakula muda wa swali jingine. Acha nafasi, songa mbele, utarudi. Katika sehemu ya pili soma maswali yote 8 kabla ya kuchagua, na usichague kwa kuvutiwa na kipande cha kwanza. Tazama kipande cha mwisho kama unakiweza. Usikadirie namba mapema pia. Beba angalau tarakimu nne hadi mstari wa mwisho, ndipo ukadirie kama ulivyoagizwa.

Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Wanaowafuata, waliofungua njia ya Gredi ya 10 Januari 2026, hawajaepuka somo hili. Wizara ya Elimu ilitangaza mwaka 2025 kwamba kila mwanafunzi wa ngazi hiyo atasoma hesabu, kwa viwango viwili kulingana na njia ya masomo aliyochagua. Chapati, tangi na pasi zitawafuata huko.

Haya mawili ni ya kuanzia leo. Mandazi 4 na vikombe 3 vya chai ni shilingi 100. Mandazi 3 na vikombe 2 ni shilingi 70. La pili: x² + 6x = 55, kwa kukamilisha mraba, na mchoro uwepo. Majibu nakupa makusudi: andazi moja ni shilingi 10 na chai ni shilingi 20, na katika la pili x ni 5 au −11. Andika mistari inayofika hapo, kisha mpe mwenzako aisome bila wewe kumweleza neno. Akikwama kwenye mstari fulani, hapo ongeza mstari mmoja.